Banki ilihama, kasa ikabaki 57



Sisi wenye tulisoma kontabilite mbele ya kukimbia, tulifundishwa mpango wa Zaire, ule wa sheria ya tarehe 16 Julai 1976. Masomo ilikuwa miaka 3 ya gradua, kisha 2 ya lisansi. Vita ikatutawanya. Januari 2002, moto wa Nyiragongo ukapita katikati ya Goma.

Wakati tulirudi, tulikuta watoto wanasoma ingine. Tangu tarehe 12 Septemba 2012, Kongo iko ndani ya OHADA, nchi 17 zenye sheria moja ya biashara na hesabu. Siku hizi lisansi ni miaka 3. Banki, yenye ilikuwa konti 56, sasa njo 52. Wengine walisikia haya, wakaficha diploma.

Lakini kasa ilikuwa 57, na iko 57 paka leo. Debi na kredi hazikuhama. Mwenye alisoma zamani anapaswa kujifunza namba mpya, si kazi mpya.

Basi mukitafuta mwandishi wa kitabu cha kasa yetu, musimupite huyo. Mumukalishe pamoja na mwanafunzi: mmoja anajua namba, mwingine anaona haraka franka yenye inakosa.