MAAFA, GHALA NA MKULIMA: FUNZO LA SONGEA

Mvua ikikosekana, hiyo ni kazi ya maumbile. Lakini nani afe njaa, nani asaidiwe na nani agharimie msaada huo, hayo huamuliwa na mfumo wa jamii. Historia ya Songea yathibitisha jambo hili.

Njaa kama silaha

Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji vya Ungoni, likateketeza vihenge na mazao. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa zaidi ya 60 walinyongwa mjini Songea. Lakini njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko kamba na risasi. Hapa serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa maafa. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi papo hapo Songea. Kuomba radhi ni jambo moja. Kulipa fidia ni jambo lingine.

Serikali ya wananchi mbele ya ukame

Mwaka 1973 hadi 1975 ukame uliikumba nchi. Wakati huo huo bei ya mafuta na nafaka duniani ilipanda, na katika Operesheni Vijiji wakulima wengi walihamishwa mbali na mashamba yao. Sababu hizo zilishikamana. Anayetaja ukame peke yake anafundisha nusu ya historia. Taifa lilinunua ng'ambo mamia ya maelfu ya tani za nafaka, na akiba ya fedha za kigeni ikakauka.

Funzo lilieleweka. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ilianza mwaka 1974. Bei ya mahindi ikapandishwa, na bei moja ikawekwa nchi nzima. Mkulima wa Songea, aliye mbali na Dar es Salaam, akalipwa sawa na wa karibu. Nauli ililipwa na taifa. Ruvuma, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa, ikawa mkoa wa kulisha wengine.

Mgongano uliopo

Baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, mfumo wa bei moja ulivunjwa hatua kwa hatua, na ruzuku ya mbolea ikaondolewa katika miaka ya 1990 kabla ya kurudishwa baadaye. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanza mwaka 2008, hununua mahindi Songea na kuyapeleka kwenye upungufu. Hiyo ni kazi njema. Lakini mwaka 2017 uuzaji wa mahindi nje ulipozuiwa ili kulinda chakula cha taifa, bei ilianguka, na mkulima wa Ruvuma ndiye aliyeubeba mzigo.

Basi kuna maafa ya aina mbili: ya kukosa mazao, na ya kuwa na mazao yasiyo na bei. La kwanza lina sheria na kamati zake. La pili mkulima huachiwa peke yake.

Wajibu wa kada

Kada wa Lizaboni asingoje gari la msaada ndipo ahutubie. Akague ghala kabla ya masika, aulize bei na siku ya malipo, na ayapeleke majibu kwenye mkutano wa wakulima. Anayelijaza ghala la taifa haombi hisani. Anadai haki yake.