Kabla ya Simba na Yanga, Dar ilikuwa ya Marini na Arinoti

Jumamosi jioni Mikocheni, gari la matarumbeta likipita na bibi harusi nyuma yake, watu wanatoa simu na kurekodi. Miaka mia iliyopita, serikali ya mkoloni ingemtuma mtu kuandika nani anapuliza na nani anaongoza.

Ngoma hiyo iliitwa beni, kutoka neno la Kiingereza la bendi. Ilianzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikashuka hadi Dar enzi za Mjerumani. Huku mjini ukawa unachagua upande: Marini au Arinoti. Marini walijiona watu wa mjini, wasomi wa pwani. Arinoti waliwavuta zaidi watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Yaani majivuno tupu, na siku ya mashindano hakuna kulala.

Utamu ulikuwa kwenye vyeo. Mtu anayeamrishwa kutwa nzima kazini, jioni anavaa sare nyeupe na mkanda begani, anaitwa Kingi au Jenerali. Anapigiwa saluti. Mashindano yalikula hela balaa, maana kila upande ulitaka karamu kubwa kuliko mwenzake. Ila mwanachama akiugua, wenzake wanamhudumia. Akifa ugenini, chama kinamzika. Kwa kijana asiye na ndugu mjini, hilo lilikuwa kubwa kuliko ngoma yenyewe.

Vita vya 1914 hadi 1918 vikaisambaza beni na askari na wapagazi hadi bara. Matawi yakawa yanaandikiana barua mji kwa mji. Hapo Waingereza wakaingiwa na hofu: Waafrika wa makabila tofauti, wenye vyeo vya jeshi, wanapeana habari bila mzungu kujua? Wakaanza kuwachunguza kama chama cha siri. Mwaka 1935, wachimba madini walipogoma Copperbelt, Zambia ya leo, na watu sita wakauawa kwa risasi Luanshya, tume ya uchunguzi ikaigeukia beni. Wacheza ngoma wakatakiwa kujieleza.

Dar yenyewe ilikuwa imeshaanza kuhamia kwenye dansi, na Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932. Beni ikabaki na watu wa mbali. Kule Nyasa wanaiita mganda, na wanaume bado wanapanga mistari, kaptula na mashati meupe, wakifuata amri za kiongozi wao.