Kwa Nini Daktari Hutoka Chumbani? Historia ya Picha za Meno ya Watoto



Leo naanza na swali la wazazi wengi. Daktari wa meno amesema mtoto apigwe eksirei. Amemketisha kitini, amemtia kifilamu mdomoni, kisha yeye mwenyewe ametoka nje. Kama mionzi hiyo haina ubaya, mbona anakimbia? Kuna mzazi ambaye hapo hapo humshika mtoto mkono na kwenda zake, na jino likaendelea kuoza.

Jibu liko katika historia. Mwishoni mwa mwaka 1895, huko Ujerumani, Wilhelm Röntgen alitangaza kwamba amegundua mionzi inayopenya nyama na kuonyesha mifupa. Wiki chache baadaye, Januari 1896, daktari wa meno Otto Walkhoff wa mji wa Braunschweig aliijaribu mdomoni mwake mwenyewe. Ilimbidi atulie bila kutikisika kwa dakika 25. Hebu mwambie mtoto wa miaka 5 atulie dakika 25! Siku hizi kazi hiyo huchukua chini ya sekunde moja.

Mwaka huo huo, Edmund Kells wa New Orleans, Marekani, alianza kuwapiga wagonjwa wake picha za meno. Ili kujua kama mashine yake iko sawa, aliweka mkono wake mbele ya mionzi na kutazama mifupa yake, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Saratani ikaingia. Akakatwa vidole, kisha kiganja, kisha mkono. Mwaka 1928, akiwa amechoshwa na maumivu, alijiua. Linalonisikitisha ni kwamba onyo lilikuwa limetolewa mapema. Mwaka 1901 William Rollins, daktari wa meno wa Boston, alionyesha kwamba mionzi hiyo inaweza kuua wanyama wadogo, akashauri mashine zizingirwe kwa risasi. Wengi hawakumsikiliza.

Basi daktari anayetoka nje anakwepa njia ya Kells. Picha moja ndogo ya jino humpa mtoto wako mionzi kama ile tunayoipata sote kutoka ardhini na angani kwa siku moja hivi. Lakini daktari angebaki pale angeipata kwa kila mgonjwa, kila siku. Kwa sababu hiyo hiyo hatakiwi kushika filamu kwa kidole chake. Mwaka 1925 Howard Raper alileta filamu yenye kipande cha kuuma: mtoto anauma, filamu inatulia. Mtoto mdogo sana hupakatwa na mzazi aliyevaa vazi la risasi. Mama mjamzito asimpakate. Amwite baba au shangazi.

Na mtoto mwenyewe asipovalishwa vazi hilo, usigombane na mtu. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilisema si la lazima tena, kwa kuwa mashine za kisasa hulenga mahali padogo. La kuuliza ni hili: "Daktari, unatafuta nini?" Picha haipigwi kwa mazoea.

Ukionyeshwa picha, usishtuke kuona meno mengine yamejificha chini ya yale ya utoto. Hayo ni ya ukubwani, yanasubiri zamu. Sehemu ngumu ya jino huonekana nyeupe. Palipooza ni peusi, na kwa kawaida uozo wenyewe ni mkubwa kuliko unavyoonekana pichani. Tazama hasa kati ya magego yanayogusana, maana hapo jicho halifiki. Meno ya utoto yana gamba jembamba, na uozo hufika ndani upesi. Na ukiona weusi katikati ya mizizi ya gego la utoto, huenda usaha umeanza, karibu kabisa na jino jipya lililo chini yake. Mtoto wa namna hiyo atibiwe wiki hiyo hiyo, hata kama halii kwa maumivu.