Deni la Wema: Historia Fupi ya ImageMagick katika Miaka 35

Tarehe 1 Agosti 2025, ImageMagick ilitimiza miaka 35 tangu itolewe bure kwa ulimwengu. Kwa programu ya kompyuta huo ni umri mkubwa. Nyingi zilizozaliwa pamoja nayo zimesahaulika hata majina, lakini hii bado inafanya kazi usiku na mchana, na wengi wanaofaidika nayo hawajui kwamba ipo. Sisi tulioishi nayo tuna wajibu wa kusimulia ilikotoka na kuwataja kwa heshima waliotufikisha hapa.

Kwa asiyeifahamu, ImageMagick ni seti ya programu huria za kushughulikia picha. Haihitaji dirisha wala vitufe vya kubofya. Unaandika amri moja kwenye terminali, na picha ya PNG inageuka JPEG. Ukiongeza maneno mawili matatu inapunguzwa, inazungushwa, inakatwa kingo au inaandikwa jina. Iwe picha moja au 10,000, jasho lako ni lile lile. Kwa sifa hiyo imependwa na wahudumu wa seva, wachapaji, watafiti na wanafunzi wa kila bara.

Chimbuko, 1987

Kisa kinaanzia DuPont, kampuni kubwa ya kemikali yenye makao makuu Wilmington, jimbo la Delaware, Marekani. John Cristy alikuwa mtaalamu wa kompyuta hapo. Mwaka 1987 mkuu wake wa kazi, Dkt. David Pensak, alimpa jambo lililosikika dogo: picha zilizoundwa kwa kompyuta zionekane vizuri kwenye skrini isiyoweza kuonyesha zaidi ya rangi 256 kwa wakati mmoja.

Halikuwa dogo hata kidogo. Pikseli moja ya picha ya biti 24 inaweza kuwa na rangi yoyote kati ya 16,777,216. Skrini za kuonyesha rangi zote hizo zilikuwepo, ila zilikuwa adimu na ghali. Ikabidi kuchagua. Katika mamilioni hayo zibaki zipi 256, na kila rangi iliyoachwa ihamishiwe kwa jirani yupi, ili mtazamaji asione picha imeharibika? Mtihani huu anaujua mchapaji wa kanga aliyeletewa mchoro wa rangi za kila namna, naye ana ndoo tatu tu.

DuPont ilijaa wanakemia na wanabiolojia, lakini wanasayansi wa kompyuta wa kuulizwa walikuwa wachache mno. Cristy akapeleka swali lake Usenet, mtandao wa makundi ya mazungumzo uliowaunganisha watu wa vyuo na maabara kabla tovuti hazijakuwepo. Jibu likaja kutoka pwani ya pili ya nchi, California, kwa Paul Raveling wa Taasisi ya Sayansi za Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California. Raveling hakutoa ushauri wa maneno tu. Alikuwa na kodi (maandishi ya programu) iliyokwisha kuandikwa, nayo ilikuwa kwenye seva ya chuo kwa yeyote aliyeitaka.

Inafaa tukae kidogo na jibu hilo, maana yote yaliyofuata yametokana nalo. Njia yenyewe hupanga rangi za picha katika mti. Shina ni mchemraba wa rangi zote, wenye nyekundu, kijani na buluu kama vipimo vyake vitatu. Mchemraba hugawanywa sehemu nane, kila sehemu ikagawanywa tena nane, mpaka kina cha ngazi nane. Programu hupita kwenye picha nzima ikihesabu pikseli zinazoangukia kila tawi. Kisha matawi yale ambayo kuondoka kwake kutaleta kosa dogo kabisa hukatwa kwanza, na pikseli zake hukabidhiwa tawi mzazi, hadi zibaki rangi zinazotakiwa. Mwishowe kila pikseli hupewa rangi iliyo karibu nayo zaidi. Faili ya kodi inayofanya kazi hiyo, quantize.c, imebeba jina la Raveling na la taasisi yake miaka yote hii. Huo ni uungwana unaostahili kusifiwa.

Ruhusa ya wakubwa

Miaka iliyofuata Cristy aliendelea kukwama na kuuliza, na watu wa Usenet wakaendelea kumjibu. Hawakuwa wafanyakazi wenzake, na hakuna aliyemtumia hati ya malipo. Wema huo ukamwelemea, akaona analo deni. Asingeweza kumfikia kila aliyemsaidia ili amshukuru, hivyo akaamua kuzitoa bure zana alizokuwa ametengeneza, ili wengine wafaidike kama alivyofaidika yeye.

Lakini kodi iliyoandikwa kazini ni mali ya mwajiri, na hapa Pensak anastahili nafasi ya pekee katika historia hii. Yeye ndiye aliyekuwa ametoa kazi ya kwanza, na yeye ndiye aliyekwenda kuwashawishi wakubwa wa kampuni wakubali kugawa kitu ambacho wangeweza kukiona ni mali ya thamani. Walikubali. Cristy amesimulia kwamba anadhani ilikuwa rahisi kwao kwa sababu programu haikuhusu kemia wala biolojia, hivyo hawakuona ingeiingizia kampuni faida gani. Sisi tunawashukuru wakubwa wale kwa moyo mmoja, kwani bila kibali chao tusingekuwa na la kuadhimisha. Baadaye DuPont iliihamishia hakimiliki ImageMagick Studio LLC, shirika lisilotafuta faida, ambalo jina lake limesimama kwenye programu hii tangu 1999.

Tarehe 1 Agosti 1990, ImageMagick ikatangazwa katika kundi la comp.archives la Usenet. Wakati huo zana za bure za picha zilikuwa za kutafuta kwa taa. Walioipokea walipata programu pamoja na kodi yake yote, waisome, waibadilishe na waigawe.

Miaka ya tisini

Muongo huo ulikuwa wa ukuaji wa taratibu na wa heshima. Huyu aliomba kipengele, yule aliripoti hitilafu, mwingine alituma kodi aliyoiandika mwenyewe. Zana zikawa familia: convert ya kugeuza na kurekebisha, identify ya kueleza sifa za picha, mogrify ya kubadilisha faili papo hapo, combine (baadaye composite) ya kuweka picha juu ya picha, montage ya kupanga picha nyingi katika ukurasa mmoja, display ya kuzionyesha na animate ya kuzichezesha. Mogrify huandika juu ya faili asili, na kwa njia hiyo imewafundisha maelfu ya watumiaji umuhimu wa kuweka nakala.

Ndani ya programu yenyewe ziliwekwa picha chache za majaribio. Kuna ua la waridi, pikseli 70 kwa 46, linaloitwa kwa kuandika rose: tu. Hadi leo, mtu akitaka kuuliza swali au kuonyesha hitilafu, hutumia ua hilo ili kila mmoja aweze kurudia jaribio lile lile bila kutumiwa faili. Yupo pia mzee wa mazingaombwe, mwenye kofia iliyochongoka, ambaye ndiye nembo ya mradi. Vizazi vya wahandisi vimekua vikimtazama.

Palikuwa na vikwazo vya nyakati. Mbinu ya LZW inayobana faili za GIF ilikuwa chini ya hataza, kwa hiyo ImageMagick ilisambazwa mbinu hiyo ikiwa imezimwa, mpaka hataza ya Marekani ilipomalizika mwaka 2003. Mradi uliheshimu sheria, na wakati huo huo ukaikumbatia mapema PNG, umbizo lililobuniwa kukwepa mgogoro huo.

Lilipotoka toleo la 4.2.9, Cristy aliamini kazi imekamilika. Maelfu ya watu duniani walikuwa wanalitumia, na lilikuwa limeanza kuonekana ndani ya mfumo mpya uliogawiwa bure, Linux.

Toleo la 5 na toleo la 6

Aliyemwamsha tena Cristy ni Bob Friesenhahn. Alishauri maktaba ya ndani ipangwe upya, ili kazi za picha ziweze kuitwa kutoka lugha nyingine za kompyuta. Hakuishia kwenye ushauri. Aliandika Magick++ kwa ajili ya watu wa C++, akaongeza upakiaji wa moduli, utambuzi wa aina za faili na majaribio ya kupima ubora. Wakaungana nao Glenn Randers-Pehrson, ambaye ni miongoni mwa mabingwa wa PNG, William Radcliffe na Leonard Rosenthol. Hilo ndilo toleo la 5.

Watumiaji walipofika makumi ya maelfu, mawazo yalitofautiana juu ya mwendo wa mradi. Wengine walitaka amri na maktaba zisibadilike tena, ili kazi za watu zisivurugike. Cristy aliona bado hajafika alikokusudia. Novemba 2002 ukazaliwa mradi ndugu, GraphicsMagick, kutoka toleo la 5.5.2, chini ya Friesenhahn. Kila upande umeendelea kuwatumikia watu wake, na ulimwengu wa picha umepata zana mbili.

Kisha akaja Anthony Thyssen wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia. Alimwandikia Cristy kwamba mstari wa amri unachanganya mara tu picha zinapozidi moja. Akapendekeza utaratibu ulio wazi: mpangilio ukiwekwa unahusu yale yanayofuata, kitendo kinatekelezwa papo hapo kwa zamu yake, na mabano yanatenga kundi la picha zinazoshughulikiwa peke yake. Kwa utaratibu huo, kupunguza picha kisha kuizungushia fremu ni tofauti na kuizungushia fremu kisha kuipunguza, na anayeandika anajua hakika atapata nini. Pendekezo hilo ndilo uti wa mgongo wa toleo la 6.

Thyssen aliandika pia mkusanyiko mkubwa wa mifano ya matumizi, unaoeleza kila jambo kwa subira ya mwalimu. Wengi wetu tulijifunza kazi hii kutoka kwake. Akishirikiana na Dkt. Nicolas Robidoux aliboresha hesabu za kupunguza na kukuza picha, kazi ngumu ambayo matokeo yake huonekana kwenye ukingo wa kila herufi na unywele. Fred Weinhaus naye aliandika skripti nyingi mno, akawajibu wageni bila kuchoka.

Miaka ya karibuni kwa ufupi

- 2005: Kitabu kamili cha mwongozo, kilichoandikwa na Michael Still, kilichapishwa na Apress.
- Lugha nyingi za kompyuta zilipata kila moja daraja lake: PerlMagick kwa Perl, Imagick kwa PHP, RMagick kwa Ruby, Wand kwa Python, na Magick.NET ya Dirk Lemstra.
- 2012: WordPress, katika toleo la 3.5, ilianza kutumia Imagick kushughulikia picha pale inapopatikana kwenye seva.
- MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia zote, ya Kiswahili ikiwemo, iliitegemea kutengeneza vijipicha vya makala.
- Mei 2016: Ulibainika udhaifu wa kiusalama katika namna baadhi ya faili zilivyokabidhiwa kwa programu nyingine. Zilikuwa wiki nzito kwa wahudumu wa seva. Marekebisho yalitolewa, na tangu hapo faili ya policy.xml, inayoamua nini kiruhusiwe, imekuwa sehemu ya kawaida ya usimamizi mwema.
- 2016: Toleo la 7 lilitoka. Amri kuu ikawa magick, jambo lililowafariji watumiaji wa Windows, ambako tayari kuna amri nyingine iitwayo convert inayohusu diski.
- Maumbizo yanayosomwa yamepita 200, kuanzia DICOM ya hospitali hadi WebP, HEIC na AVIF za simu na tovuti za leo.
- Kodi imehamia GitHub, na Cristy na Lemstra wanaendelea kuitunza.

Shukrani na wito

Wahenga walisema wema hauozi. Raveling alijibu swali la mtu mmoja aliyekuwa na shida ya skrini ya rangi 256. Skrini hizo zimeshatupwa, lakini jibu lake bado linaendesha kodi inayofanya kazi kila siku. Pensak, Cristy, Friesenhahn, Randers-Pehrson, Radcliffe, Rosenthol, Thyssen, Robidoux, Weinhaus, Lemstra, na mamia waliotuma marekebisho ya mistari michache bila majina yao kufahamika: wote wanastahili ahsante yetu.

Shukrani ya kweli kwa mradi wa namna hii ni kazi. Mwenye ujuzi wa C apime kodi na kuripoti hitilafu kwa ukamilifu, amri aliyoitumia ikiwemo. Mwenye seva aweke toleo jipya na kuipitia policy.xml yake. Mwalimu awaonyeshe wanafunzi wake kwamba picha elfu za maabara au za gazeti la shule zinaweza kutayarishwa kwa mstari mmoja, kwenye kompyuta ya kawaida, bila kulipia leseni. Na anayejua Kiswahili na zana hii kwa pamoja aandike mwongozo, kwa sababu vijana wetu wanaoanza kazi za seva na tovuti wanauhitaji leo. Hongera ImageMagick kwa miaka 35, na hongera kwa kila aliyeweka mkono wake ndani yake.