Leso: Nguo Iliyozaliwa kwa Kuunga Vipande



Kabla hatujaanza kushona mfarishi wa ukoo, yafaa tukumbuke kwamba leso yenyewe ilianza kwa kuungwa. Jina lake latokana na Kireno, lenye maana ya kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19, vitambaa hivyo viliuzwa Unguja na Mombasa vikiwa jora, havijakatwa. Wanawake walinunua sita, wakavikata vitatu vitatu, kisha wakaishona mikanda hiyo miwili ubavu kwa ubavu, ikapatikana nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara waliiga, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha chapwa. Mshono ukatoweka, jina la leso likabaki Mombasa na Lamu, kwingineko ikaitwa kanga.

Nasi tufuate mwendo wa mabibi zetu. Kila nyumba ilete kipande cha leso ya mzazi aliyetangulia, pamoja na jina lake na maneno yaliyochapwa juu ya nguo. Vipande tutaviunga viwe safu, safu ziwe uso mmoja. Kisha tutatia pamba na bitana, na kushonea tabaka zote tatu pamoja. Wanaozitambua nguo hizo wanapungua kila mwaka. Tusingoje.