Historia Fupi ya Mbio za Safari, Kutoka Nairobi Hadi Milima ya Taita

Mwaka wa 1953, Nairobi ilipokuwa haijatimiza hata miaka 4 tangu ipewe hati ya kuitwa jiji, na watawala wa Kiingereza walipokuwa wakiipamba kwa sherehe za kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, walikuwako mjini humo wapenzi wachache wa magari, na mbele yao Eric Cecil na Neil Vincent, ambao nafsi zao zilikuwa zimekinai mashindano ya kuzunguka uwanja mmoja mpaka jua likatua. Wakaona kwamba nchi iliyojaaliwa mabonde, majangwa, maziwa na milima haina haja ya uwanja wa kujengwa, maana njia zake zenyewe zatosha kumtahini dereva. Kwa tadbiri hiyo, na kwa msaada wa chama cha wenye magari cha Afrika ya Mashariki, yakaanza tarehe 27 Mei mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa kulizunguka Ziwa Viktoria, yakamalizika tarehe 1 Juni, siku moja kabla ya Malkia kuvishwa taji. Yakaitwa Safari ya Kutawazwa, na katika jina hilo lililosalia ni lile neno letu la kwanza, ambalo leo hutamkwa na wapenda magari wa dunia nzima.

Waasisi wale tunawashukuru kwa mengi, lakini zaidi kwa sharti moja waliloliweka tangu mwanzo: gari liwe kama lilivyotoka dukani. Magari yakagawanywa madaraja kwa bei ya kununuliwa, hata mwenye kigari cha fedha chache asidhalilishwe na mwenye gari la tajiri, na mwaka ule wa kwanza hapakutangazwa mshindi mmoja wa wote. Mkulima, mwenye duka, fundi wa gereji na karani, kila mmoja aliyekuwa na gari zima na moyo wa kuliingiza matopeni, mlango ulikuwa wazi kwake. Ni kweli kwamba katika siku zile, ambazo nchi ilikuwa katika hali ya hatari na mambo mengi yalikuwa mazito, Mwafrika alionekana zaidi akilisukuma gari la mwenziwe kulitoa topeni kuliko akiushika usukani. Lakini hata hilo halikumzuia kuyafanya mashindano haya kuwa yake, na aliyelitia gari bega mtoni likapita alijihesabu kuwa ana fungu katika ushindi.

Mwaka wa 1954 akashinda Vic Preston katika Volkswagen, na 1955 akashinda tena katika Ford Zephyr, na safari zote mbili aliyeketi ubavuni mwake alikuwa D. P. Marwaha. Mzungu na Mhindi wakawa ndani ya gari moja, wakila vumbi moja na kugawana usingizi mmoja, katika Nairobi ambayo shule, hospitali na mitaa yake ilikuwa imetengwa kwa rangi. Mimi huihesabu habari hii kuwa katika zilizo bora kabisa za Safari, na nastaajabu kwamba hutajwa kwa nadra. Mwaka uliofuata Eric Cecil mwenyewe, pamoja na Tony Vickers, aliupata ushindi katika gari dogo la DKW. Basi mwasisi akaonja ladha ya chungu alichokipika.

Desturi ikawa kuyafanya mashindano wakati wa Pasaka, na kila mwenyeji wa nchi hizi ajua kwamba Pasaka aghalabu huja na masika. Hapo ndipo ilipokuwa siri ya sifa ya Safari. Njia iliyokuwa kavu dereva alipoikagua, hugeuka mto usiku mmoja. Udongo mweusi wa nyika hushika magurudumu mpaka mlango wa gari haufunguki. Madaraja huchukuliwa na maji. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7 tu. Mwaka wa 1968 yaliondoka 93, na yaliyorudi yakawa 7 vilevile. Waliomaliza walipewa lakabu ya Saba Wasiozama, na katika miaka yote miwili aliyetangulia ni Nick Nowicki, pamoja na mwelekezi wake Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Gari hilo likapata hadhi kubwa katika Afrika ya Mashariki, hata mtu akitaka kulisifu husema limepita Safari, na maneno mengine hayahitajiki.

Lakini ikiwa kuna mmoja ambaye historia hii haiwezi kusimuliwa bila yeye, basi ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho wa mwaka 1932, fundi na mwana wa nchi hii, ambaye watu walimpa jina la Simba wa Kenya. Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia kwa Volvo iliyokwisha kutumika, gari ambalo mwaka wa nyuma lilikuwa la timu ya kiwanda, na likauzwa baadaye kama liuzwavyo gari lolote kuukuu. Wao wakalitengeneza kwa mikono yao, wakalipeleka mbele ya magari mapya yaliyoletwa kwa meli pamoja na mafundi wake, wakarudi Nairobi wakiwa washindi. Akashinda tena 1974 na 1976 katika Mitsubishi, na mara ya mwisho magari ya kampuni hiyo yalishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alifariki mwaka 2013 huko London. Wazee wa Nairobi hadi leo, wakimwona kijana akiendesha kwa kishindo, humwuliza kama ndiye Joginder.

Wenzetu wa Tanzania nao wana sehemu yao katika fahari hii, kwa kuwa Bert Shankland, akiwa na Chris Rothwell, alishinda 1966 na 1967. Kwa miaka 19 hakuna mgeni kutoka ng'ambo aliyefua dafu, wala si kwa uchache wa wageni, maana viwanda vikubwa vya Ulaya vilituma madereva wao hodari. Ni kwa sababu Safari ilimtaka mtu aijuaye nchi, ajuaye wingu la mbali laashiria nini, na ng'ombe akiwa upande huu wa njia ndama wake yuko upande gani. Ndipo mwaka wa 1972 Hannu Mikkola wa Finland, pamoja na Gunnar Palm, wakauvunja mwiko katika Ford Escort. Mwaka uliofuata Safari ikaingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na ushindi ukarudi nyumbani kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye dhoruba za nchi yake zilikuwa zimemleta kwetu. Alilingana alama na Harry Källström, akapewa ushindi kwa kanuni ya kuwatenganisha. Kisha Mehta huyo akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982, mfululizo ambao hapana mwingine aliyeufikia.

Hapa sina budi kusema neno juu ya kwetu Taita, kwa kuwa vitabu vya Safari huandikwa Nairobi na huko ndiko yalikosimama majukwaa, kwanza Mzee Jomo Kenyatta akiipeperusha bendera kuyaruhusu magari, na baadaye mbele ya jumba la mikutano la KICC. Ilhali mashindano yenyewe yalichezwa huku mashamba. Magari yalipoteremka barabara ya Mombasa, milima ya Taita ilikuwa ikiwangoja madereva upande wa kuume. Dereva aliyetoka katika joto la nyika ya Voi, akapita mashamba ya katani ya Mwatate, alijikuta ghafula anapanda njia ya udongo mwekundu yenye kona zilizofuatana bila ya nafasi ya kuvuta pumzi, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na juu zaidi ukungu wa Wundanyi unaomfanya mwenye taa nne awe sawa na asiye na taa. Watu wa Ronge, wa Bura na wa Mbololo hawakulipa kiingilio wala hawakuhitaji tikiti. Mlima wenyewe ndio uliokuwa kiti chao, nao waliona kona kumi kwa mtazamo mmoja. Nimepata kuhudhuria michezo mingi ya viwanjani, na nasema kwa yakini kwamba hapana uwanja uliojengwa Nairobi unaomketisha mtazamaji pazuri kuliko pale.

Tangu 1960 mashindano yalikuwa yakiitwa Safari ya Afrika ya Mashariki, na tangu 1974 yakawa Safari Rally, njia zake zikawa ndani ya Kenya, kwa kuwa ujirani wa zile nchi tatu ulikuwa umepita katika wakati mgumu. Yaliyofuata nayataja kwa ufupi. Björn Waldegård wa Sweden alishinda mara 4, ya mwisho ikiwa 1990. Ari Vatanen alishinda 1983, na Juha Kankkunen 1985. Mwaka wa 1993 Toyota ilishika nafasi 4 za mwanzo. Mwaka wa 1994 alishinda Ian Duncan wa Kenya, na Patrick Njiru akawa wa 4 katika Subaru, jambo lililotupa furaha isiyo kifani. Colin McRae wa Scotland alishinda 1997, 1999 na 2002.

Baada ya 2002 Safari ilitoka katika ubingwa wa dunia, kwa sababu za fedha na za matayarisho ambazo si mahali hapa pa kuzichambua. Haikufa. Iliendelea katika ubingwa wa Afrika, na Carl Tundo akajipatia jina humo. Na mwaka 2003 yakaanzishwa mashindano ya magari ya kale, ambayo yameipita tena milima yetu. Safari yenyewe ilikusudiwa irudi katika ubingwa wa dunia 2020, ugonjwa wa korona ukazuia. Ikarudi Juni 2021, Rais Uhuru Kenyatta akiyaruhusu magari Nairobi na mbio zenyewe zikifanyika Naivasha. Alishinda Sébastien Ogier, naye akashinda tena 2023. Kalle Rovanperä alishinda 2022 na 2024. Elfyn Evans 2025.

Tunawapongeza walioirudisha, kwani kazi yao haikuwa nyepesi. Ila Naivasha peke yake si Safari. Waandalizi walio Nairobi nawaomba, kwa heshima na kwa haki ya wale waliosukuma magari matopeni bila ya malipo, waitenge walau siku moja ya mbio hizi iteremke Voi, ipite Mwatate na ipande Wundanyi.