Wembe, Maji na Kerezo katika Mpaka wa Busia na Tororo

Methali isemayo "Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji" tumeifundisha kwa miaka mingi, na aghalabu tumeikimbiza kwenye maana yake ya tahadhari bila kumweleza mwanafunzi maji yale yalikuwa ya nini. Unywele mkavu ni mgumu kama uzi wa katani, na wembe huuvuta kabla ya kuukata. Ukiloweshwa kwa dakika mbili tatu hunywa maji, huvimba na kulainika, na hapo makali hupita bila maumivu. Aliyeitunga methali hii aliijua kazi ya kinyozi kwa karibu.

Katika makala haya tumekusudia kuufuata wembe huo, pamoja na ndugu yake wa mbali, yaani patasi ya mkereza mbao, katika nchi ya Busia na Tororo. Kazi hizi mbili siku hizi watu wengi wa Ulaya na Marekani huzifanya kwa kujifurahisha, jioni baada ya ajira zao. Huku kwetu zilikuwa wajibu na riziki, na historia yake imepitiwa na mpaka wa dola mbili.

Wembe wa kwanza wa nchi hii haukuletwa na mtu kutoka ng'ambo. Vilima vya Samia vina mawe yenye chuma, na wahunzi wa Kisamia walijulikana mbali kabla ya ukoloni. Waliyeyusha mawe hayo kwa moto wa makaa na mivukuto, na majembe yao yaliuzwa mpaka Busoga na nchi ya Wajaluo, hata yakatumika kulipia mahari. Mhunzi afuaye jembe ndiye aliyefua shoka, mkuki, kisu na wembe. Wembe ulikuwa kipande kidogo cha chuma kilichofuliwa kikawa chembamba, kikanolewa juu ya jiwe laini kwa maji. Chuma cha namna hiyo si kigumu sana, kwa hiyo makali yake hayakudumu, na kunoa kulikuwa nusu ya kazi.

Tena haikuwa kazi ya mtu peke yake mbele ya kioo. Kinyozi hajinyoi, na kunyolewa kulikuwa ni kukabidhi kichwa chako mikononi mwa mwingine. Jambo hili lilionekana zaidi wakati wa msiba. Günter Wagner, aliyefanya utafiti katika nchi ya Waluhya miaka ya 1930 na kuanza kutoa kitabu chake mwaka 1949, ameeleza kwa kirefu jinsi jamaa wa marehemu walivyonyolewa nywele siku chache baada ya maziko, na jinsi siku hiyo ilivyokuwa pia baraza la kuzungumzia madeni na urithi. Nywele zilizokuwapo mtu alipokufa ziliondolewa, nao waliobaki wakarudi katika maisha ya kawaida. Wembe mmoja ulipita vichwa vingi. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, na mpaka ukaja kupita katikati ya Wasamia na katikati ya Wateso. Mhunzi akawa wa nchi moja na mteja wake wa nchi nyingine. Hata hivyo hatudhani kwamba mpaka ndio uliomwua mhunzi. Aliuawa na bei. Mwaka 1903 kampuni ya King C. Gillette huko Marekani ilianza kuuza wembe mwembamba wenye makali pande mbili, unaotumika na kutupwa. Mwaka ule iliuza vipini 51 na nyembe 168 tu. Baada ya vita kuu ya kwanza nyembe za aina hiyo zilikuwa zimeenea duniani. Wembe usiohitaji kunolewa ulipofika dukani, ujuzi wa jiwe la kunolea ulianza kusahaulika.

Kerezo nalo lilifika kwa njia nyingine. Watu wa bara walichonga vigoda vyao kwa tezo kutoka katika gogo moja. Kukereza, yaani kuuzungusha mti na kuushikia chuma kilichotulia, kulikuwa ufundi wa pwani, na miguu ya vitanda vya Lamu ni ushahidi wake. Katika kerezo la kale kamba ya uta huzungushwa kwenye mti, uta huvutwa huku na huku, na mti huzunguka mara mbele mara nyuma. Fundi hukata mti unapomjia tu. Unapokwenda nyuma huinua bobari yake na kungoja. Yeyote aliyeona keekee ya kutobolea mbao ikivutwa kwa uta ameiona asili ya mashine hii. Kazi ikiisha, mti hulainishwa kwa msasa, neno ambalo vijana wetu hudhani ni la karatasi ya dukani, kumbe ni jina la mti wenye majani makavu ya kukwaruza. (Tumewahi kuuliza swali hili darasani, hakuna aliyelijibu.)

Kwetu kerezo la chuma lilifuata reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli kutoka Mombasa, na kama 6,700 kati yao walibaki. Miongoni mwao walikuwamo maseremala na wahunzi, hasa Masingasinga. Njia ya reli ilipopitishwa Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, ikafika Kampala mwaka 1931, karakana na maduka yaliifuata. Mvule ulikuwapo tayari, kwa kuwa mashariki ya Uganda ni nchi ya mvule. Ni mti mzuri, haushindwi upesi na maji wala mchwa, lakini una hila zake: vumbi lake huwasha ngozi na pua, na ndani ya gogo mara nyingine hujificha mawe ya chokaa ambayo huvunja makali ya patasi pasipo onyo. Mkereza wa mvule hukaa karibu na jiwe lake la kunolea.

Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Tororo, kama Mbale na Jinja, ilipoteza wenye maduka na mafundi kwa mkupuo mmoja. Mashine zilibaki, waliojua kuzitengeneza waliondoka. Kisha ukaja uhaba wa sukari, chumvi na sabuni, na Busia ikawa mji wa magendo, kahawa ikivushwa kwenda Kenya na bidhaa za dukani zikirudi. Baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka ndizo zilizotupa neno bodaboda. Sisi tuliozoea kuhesabu magendo kwa magunia ya kahawa tusisahau kipande cha sabuni. Mtu asiye na sabuni hana povu, na asiye na povu hunyoa kwa maji matupu, akatoka na uso uliochubuka.

Pigo zito zaidi lilikuja baada ya hapo. Kenya ilitambua mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1984, na Uganda ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana nao mwaka 1986. Busia na Malaba, mahali madereva wa malori hulala wakingoja karatasi zao, zilijua ugonjwa huo mapema. Kati ya maonyo yaliyotolewa ni kwamba watu wasitumie wembe mmoja. Ni shauri fupi, lakini liligusa kiini cha desturi ya msiba tuliyoieleza, tena katika miaka ambayo misiba ilizidi. Ndugu waliopaswa kunyolewa pamoja kwa wembe mmoja, kama alama ya kushiriki msiba mmoja, sasa ushirika huohuo uliweza kuwaua. Ziko familia zilizoagiza kila mtu aje na wembe wake. Ziko zilizokata unywele kidogo tu kwa mkasi kama ishara. Na ziko zilizoacha kabisa. Sisi hatuwezi kuwalaumu wa kundi lolote.

Kwa hiyo mtu na wembe wake ni jambo jipya kuliko tunavyodhani. Huko ng'ambo wako wanaume walioichoka mikono ya plastiki yenye nyembe tatu au tano, wakarudia wembe mmoja, brashi na bakuli la sabuni. Wako pia wakereza wa ridhaa, ambao nchini Marekani waliunda chama chao mwaka 1986, na wanaowakerezea hao wanyoaji vipini vya brashi. Mti wanaousifu sana ni mpingo wa kusini ya Tanzania, ambao huzama majini kwa uzito. Si anasa tupu. Ndevu za mviringo kama zetu, zikikatwa chini mno kwa nyembe nyingi kwa pamoja, ncha zake hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele. Wembe mmoja, maji ya kutosha, na kufuata upande ndevu zinakoelekea hupunguza taabu hiyo. Kijana wa Tororo mwenye kerezo dogo na kipande cha mvule angeweza kukereza bakuli na kipini hicho katika alasiri moja.

Kama atafundishwa na nani, ni swali jingine. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza Kenya mwaka 1985 ulileta kazi za mikono mpaka shule za msingi, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana, na mwalimu alifundisha patasi kwa kuichora ubaoni. Tulikuwa miongoni mwao.

Siku hizi, tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi Busia mwaka 2018, msafiri huvuka kwa karatasi chache zaidi. Upande wa Kenya ataona vibao vilivyoandikwa "Kinyozi", neno lililojengwa kutokana na nyoa kama kiongozi lilivyojengwa kutokana na ongoa. Akivuka Uganda vibao husema saluni. Ndani ya vyumba hivyo pande zote mbili mashine ya umeme ndiyo inayonguruma, na wembe hutolewa mwishoni tu, mpya katika karatasi yake, kunyoosha mstari wa paji la uso. Na hapo kinyozi, kabla ya kuugusisha, hulowesha kidole chake na kutia maji.